Mwamba wa Kupuria Uwele

Jumapili, 8 Juni
Nimesafisha filamu mbili za mawe ya ziwani. Moja imeungua. Mama kakataa uji tena. Hospitali wamesema tukae naye nyumbani, na maana yake naijua. Anataka kitu kimoja tu: kuuona mwamba wa Kinyangiri, ule bapa nyuma ya nyumba yetu ya kijijini, alikopura uwele na mawifi zake miaka yote. Kusafiri hawezi. Nitamletea picha.

Jumatano, 11 Juni
Nilifika Kinyangiri jua la utosi. Picha ya nyeusi na nyeupe bila kivuli haina maana. Mwamba umelala pale kama chapati. Sikupiga hata moja. Filamu ni shida kupata, na mimi na ujuaji wangu. Baba mdogo kaniambia ukoo umekubali upasuliwe kokoto za barabara. Lini? Bado bado, kasema. Nitarudi Ijumaa nilale huko, nipige alfajiri.

Alhamisi, 12 Juni
Mama kauliza picha. Nimemwambia ziko kwenye dawa ya kusafishia. Uongo mtupu. Najichukia.

Jumamosi, 14 Juni
Wamepasua. Jana jioni nilipofika mashine ilikuwa imeshamaliza. Umebaki ukingo mmoja wa kutosha mkeka. Kwingine kote kokoto, marundo kwa marundo. Baba mdogo hakunitazama usoni. Nililia mbele ya vibarua, sikujali.
Leo asubuhi jua limekuja ubavuni, ule mwanga wenyewe nilioutaka. Nimemaliza filamu nzima kwa hasira. Sijui nimpelekee nini mama.

Jumapili, 15 Juni
Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Inauma kuandika hivyo. Nilitaka kuficha lakini mama alinisikia nikizianua kwenye kamba, akaita.
Alishika moja karibu na pua. Nikajiandaa kwa kilio. Akaweka kidole kwenye rundo la kokoto, akakisogeza kwenye lingine.
"Mwaka huu uwele umekubali," akasema. "Wifi zangu wamepura wote huu?"
Kijivu juu ya kijivu. Hata mimi niliuona uwele.
"Ndiyo, mama. Wote."
Akauliza kama tumefunika, umande usije ukauharibu. Nikasema tumefunika. Akanywa uji, nusu kikombe.

Alhamisi, 19 Juni
Tumemzika mama jana Kinyangiri. Lori la kokoto lilizima injini wakati wa sala, kisha likaendelea kupakia.
Leo shangazi, wifi yake pekee aliye hai, ameomba kuiona picha. Aliitazama, akageuka kutazama kokoto zenyewe nyuma ya nyumba. Akauliza mama alisemaje. Nikamwambia.
Halafu akauliza tena, polepole: alisema uwele umekubali?
Ndiyo, shangazi.
Ameomba nimwachie picha. Nimemwachia.