Kiti Kilichotikisa Kituo

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ninayo heshima kubwa kukutangazia kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita, saa mbili kamili asubuhi, kiti kimoja cha plastiki, rangi ya kijani, chenye mguu wa nyuma uliofungwa waya, kimeondolewa katika chumba cha chini cha kituo chetu cha kupimia matetemeko kwa amri ya maandishi, yenye saini na muhuri. Hotuba hazikutolewa. Fundi Waya alikibeba kichwani, mimi nikamshikia mlango, basi.

Usicheke kwanza. Habari ya kiti ndiyo habari yenyewe, na nitaifikia. Kwanza nikujulie hali. Goti linasemaje tangu zile ngazi? Shemeji kikohozi kimemwacha, au bado kinamshika kila unapomtuma? Na cherehani nayo niisalimie kama mtu wa nyumbani. Natumaini wenzako mnaolala nao kwenye hilo darasa wameizoea kelele yake. Mimi huku ni mzima. Nakula, nafanya kazi, na usingizi, naam, kuhusu usingizi tutaongea.

Barua yako nimeipata Alhamisi na nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimefunga mlango. Umenishukuru mpaka nikatazama nyuma kuona kama kuna mtu mwingine. Umeniandikia kwamba kwenye foleni ya maji unawaambia watu kuwa mdogo wako ni mtaalamu wa matetemeko, kwamba ndiye aliyeliona wimbi kabla bahari yenyewe haijajua, na kwamba yule mwalimu uliyeiokoa suruali yake anataka nije nizungumze na wanafunzi. Dada, mwambie mwalimu asubiri kidogo. Soma kwanza, halafu uamue kama bado unataka nije.

Unajua vizuri kazi yangu ni kudeki. Wewe ndiye uliyenitafutia. Ulikuja kupima madirisha ya kituo ili ushone mapazia, ukambana Mkuu wetu kwenye kona na futi yako shingoni, ukamwambia una mdogo wako mwaminifu, msafi, na asiyelala kazini. Mkuu mwenyewe alinisimulia. Anasema hakuwa ameuliza habari ya kulala, na akashangaa kwa nini uliitia mkazo. Ukamjibu kwamba ni namna tu ya kumsifia mtu. Dada, mtu aliyempa mdogo wake jina la Pono tangu utotoni, kwa jinsi alivyokuwa akilala mpaka mnamvusha kizingiti mgongoni, alithubutu kusema hivyo bila kupepesa. Nakushukuru. Nimekula kwa uongo ule miaka minne.

Miaka minne ya kudeki nyuma ya watu wanaosoma mistari, masikio hayafungwi. Siku ya kwanza nilimsikia Mkuu akizungumzia mawimbi ya uso, nikaenda chooni kujitazama kwenye kioo. Nilidhani ni ugonjwa wa ngozi. Baadaye nikakusanya ujasiri nikamuuliza. Mkuu ni mama mkimya, miwani yake inakaa kwenye nywele kuliko machoni, lakini ukimuuliza kitu anaacha kazi na kukueleza kama vile amekusubiri. Akaniambia ardhi ikitikisika mahali, hata chini ya bahari, habari huja kwa njia mbili. Kuna mawimbi yanayopita tumboni mwa dunia. Hayo yana mbio, hufika ya kwanza yakihema, husema kuna jambo, lakini ukubwa wa jambo hayajui vizuri. Halafu kuna yanayokuja juu juu, kwenye uso wa nchi. Haya ni ya polepole, marefu, na ndiyo yanayosema kweli. Tena akaniambia kuna tetemeko lisilotikisa, linasukuma tu. Watu hawastuki, vikombe havianguki, kumbe huko chini sakafu ya bahari imeinuka na maji yote ya juu yake yamepata safari. Tetemeko la namna hiyo utalijua kwa mawimbi ya uso tu. Nayo, hata yakiwa ya polepole, huyashinda maji mbio mara nyingi sana. Ukiyasoma mapema, unao muda wa kuwaambia watu wapande juu.

Mimi nilielewa mara moja, kwa sababu nimelelewa na wewe. Ukikasirika, kelele ya kwanza huwa haina maana. Unaweza kupiga kelele kwa sababu ya kijiko. Lakini ukinyamaza, halafu kitu kikaanza kwenye paji, kikashuka taratibu mpaka kidevuni, hapo ndipo mimi na Shemeji tulipokuwa tunatafuta viatu.

Sasa kiti. Mashine ya kupimia iko chumba cha chini, juu ya nguzo ya zege, na chumba kile kina ubaridi mtamu na kimya ambacho hakipatikani popote kingine pale kituoni. Kila siku baada ya kula, saa saba mpaka saa nane, nilikuwa nateremka na kiti changu, nakiegemeza ukutani, nami najiegemeza kwenye kiti. Zaidi ya hapo sina la kusimulia kwa sababu sikuwepo.

Huko juu nako, kumbe, mstari wa mawimbi ya polepole ulianza kupinda kila siku saa saba na kunyooka saa nane. Mashine ile ni nyepesi kuhisi kuliko mama mkwe. Sakafu ikilemewa na mtu mmoja mzito, inaandika. Mwanzoni waliweka chujio kwenye kompyuta kuiondoa ile kelele. Lakini Mkuu hapendi kutupa asichokielewa. Akafungua skrini ya pili isiyo na chujio, akaiweka pembeni ya meza ili aichunguze kelele ile, akaipa jina: Mgeni wa Saa Saba. Fundi Waya, yule wa mitambo, alisema ni maji yanapita chini ya jengo, akachimba shimo nyuma ya ukuta siku nne. Mimi nilimshikia koleo alipopumzika, nikampa pole.

Nilipougua mafua siku tatu, Mgeni hakuja. Niliporudi nikakuta Mkuu ameandika kwenye daftari kwamba Mgeni amesafiri. Hapo nikaelewa. Nilichofanya, Dada, si kuacha kulala. Nilihamishia kiti ukuta wa pili. Kesho yake Mgeni akaja kutoka upande mwingine, Mkuu akafurahi kweli kweli, akafungua faili jipya.

Sasa ile Jumanne. Saa nne asubuhi nilikuwa nadeki chumba cha skrini. Chai ya Mkuu ikachora duara kwenye kikombe, penseli ikabingirika, ikaacha. Basi. Kompyuta ikafanya hesabu yake kwa yale mawimbi ya mbio, ikasema tetemeko la wastani, mbali, chini ya bahari, halina neno. Fundi Waya akapaza sauti kutoka shimoni kwake, alikokuwa amerudi baada ya Mgeni kubadili upande, kuuliza kama kuna aliyeangusha kabati. Mkuu akaanza kuandika taarifa ya kuwatuliza watu wa pwani yote, kwamba hakuna hatari, waendelee na shughuli zao.

Ndipo mstari kwenye skrini ya pili, ile isiyo na chujio, ulipoanza kupanda. Ulipanda taratibu, ukashuka taratibu, ukapanda tena zaidi. Mkuu aliutupia jicho tu. Akasema, huku vidole viko kwenye herufi, eti leo Mgeni wetu kawahi, labda ana safari mchana.

Ni mtu mmoja tu duniani aliyejua kwa hakika kwamba yule si Mgeni, kwa sababu Mgeni alikuwa amesimama nyuma yake ameshika dekio. Nikamwambia. Nilisema, Mkuu, Mgeni wa Saa Saba ni mimi, huwa nalala kule chini kwenye kiti, na sasa hivi niko hapa.

Aligeuka akanitazama. Hakunigombeza, hakuuliza tangu lini. Miwani ikashuka kutoka kwenye nywele. Akavuta kiti chake kwenye skrini ya pili, akaniambia nihesabu kwa sauti kila mstari unapofika kileleni, yeye akawa anaandika. Nilihesabu, Dada, sauti ikinitetemeka kuliko mashine. Akasema neno moja tu, kwamba limesukuma. Akafuta taarifa yake ya hakuna hatari, akaandika nyingine ya maneno machache, na ving'ora vikalia pwani nzima. Nilimwomba nikupigie simu. Akasema nipige, lakini simu yako ilikuwa inatumika. Nimekuja kujua kwenye barua yako kwamba ulikuwa unamgombeza mteja.

Yaliyobaki unayajua kuliko mimi. King'ora kilikupa dakika ishirini na tano, nawe ukazitumia ishirini na tatu kufungua skrubu za cherehani, kumtafutia Shemeji kofia, na kurudi kwa ajili ya suruali ya mwalimu. Nyumba kumi na saba za mtaa wa chini hazipo tena. Lile sanamu lako la dirishani limekutwa limekaa kwenye dawati la darasa la tatu, shule ya mtaa wa chini, limevaa gauni, halina kichwa. Lakini mlipohesabiwa juu kule, kwenye shule mnakolala sasa, mlitimia wote. Nimeirudia sentensi hiyo ya barua yako mpaka karatasi imelegea. Mlitimia wote.

Umeandika pia kwamba ulipokuwa unapanda ulisema moyoni, mdogo wangu yuko kule kituoni, macho wazi, hawezi kunipandisha ngazi hizi bure. Ni sentensi hiyo iliyonifungisha mlango.

Kwa sababu kule nyuma, Dada, kuna kitu nimekiruka. Nimekuandikia kwamba Mkuu alisema Mgeni kawahi, nami nikamwambia. Ukisoma hivyo utadhani jambo la pili lilifuata la kwanza. Halikufuata. Katikati nilinyamaza. Niliiona saa ya ukutani: dakika mbili na ushei. Nilikamua dekio nikalichovya tena, nikalikamua tena. Nilikuwa nafikiri kazi itaondoka. Nilifikiri mapazia yako yale, na jinsi Mkuu atakavyokuita mwongo mbele ya watu. Nikajiambia huenda kweli ni kelele nyingine, huenda Fundi Waya amegonga ukuta, huenda mstari utatulia wenyewe. Haukutulia. Ulikuwa unashuka taratibu kutoka juu mpaka chini, kama uso wako ukinyamaza, na ndipo nikakuona uko mtaa wa chini na pini mdomoni, husikii kitu kwa sababu ya cherehani. Sikusema kwa ujasiri. Nilisema kwa sababu uso ule naufahamu.

Halafu barua yako ikaja, ikaniambia ulikuwa ngazi ya tatu maji yalipogonga mlango wako. Ngazi ya tatu, Dada. Mimi nilikuwa nimezila dakika zako mbili, na nusura nizile na zile mbili zilizobaki. Usinishukuru kabla hujalijua hilo. Nayaona mawimbi ya uso wako hapo ulipo, na safari hii sitafuti viatu.

Nilimweleza Mkuu pia habari ya zile dakika. Akasema na yeye ndiye aliyesema Mgeni kawahi, kwa hiyo tuwe wawili. Kwenye ripoti ameandika kwamba chanzo cha kelele ya kila siku kimebainika na kimeondolewa. Mimi nilidhani chanzo ni mimi, nikaanza kufunga virago. Kumbe chanzo ni kiti. Kudeki naendelea nako, na saa saba mpaka saa nane, wenzangu wakienda kula, mimi ndiye ninayesimama mbele ya skrini ya pili, ambayo sasa haizimwi. Fundi Waya hakunisemesha siku sita, ila neno pisha. Shimo lake nimelifukia mwenyewe, kwa koleo lile lile, naye alikuja akasimama kunitazama, akanipa pole. Nadhani tumemalizana.

Basi asante, Dada. Asante kwa uongo ulionipatia kazi na kwa uso ulionifundisha kusoma mistari. Asante zaidi kwa goti lililokubali kupanda. Nifikishie shukrani kwa Shemeji, na umwambie kofia ile imegharimu dakika nne, nimezipigia hesabu. Wasalimie wote wa darasani mnamolala, mmoja mmoja, hasa aliyekushika mkono pale ngazi ya tatu; jina lake hukuniandikia, tafadhali niandikie. Mwalimu mwambie nitakuja, ila watoto watasikia habari ya kiti.

Mimi ni mdogo wako, mzima, macho wazi,

Pono

N.B. Mwandiko uniwie radhi. Barua hii nimeiandika nimesimama, kiti hakuna.