Niliitika Mara ya Kwanza

Jumanne, baada ya magharibi

Kurasa zote zile, kumbe mzimu wenyewe ni mlinzi wa shule kajifunika shuka! Na hiki ndicho kitabu nilichotaka kuwasomea wanafunzi wangu wa darasa la tano. Mtoto wa kitabuni anaitwa jina lake gizani, anaitika papo hapo, wala hapatwi na lolote. Huku Mlali nani kalelewa hivyo? Ukiitwa na usiyemwona, unanyamaza mpaka aite mara ya tatu.

Nikiwa bado nanung'unika, nikasikia sauti ya mama kutoka migombani: "Mwanahawa!"

"Abee, mama!" Ikanitoka tu.

Nilitoka nje, sikuona mtu. Mama alikuwa bado hajarudi kutoka gulioni. Alipofika na kikapu chake cha karoti, nilimwamkia, nikamsimulia.

"Umeitika?"

"Hapana." Nilimdanganya mama yangu, jinsi alivyonikazia macho.

Akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Maana hata mimi nimeitwa njiani, kwa sauti yako. Nikanyamaza."

Sasa ananiita jikoni nikale. Ameita mara mbili. Nangoja ya tatu.