Mdogo Wangu ni Delege

Musonoi, Kolwezi
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri hapo Kasaji, magoti yamekupa nafasi ya kupumua, na mihogo umeitoa shambani kabla nguruwe wa jirani hawajaifikia. Sisi huku tunaendelea. Watoto wanakua na wanakula, hasa kula. Barnabé mkwe wako bado yuko na pikipiki yake ya abiria, na kile kikohozi kilimwacha mvua zilipoanza na vumbi likatulia. Anakusalimu sana na anauliza kama mwaka huu mmepata asali.

Salamu zako nilizipata kwa Mama Charlotte, yule mwuza karanga, aliyekuja na gari la moshi. Alinieleza kila neno kama ulivyomtuma. Ulimwambia aulize kwanza habari za Tatiana: je, ni kweli amekuwa mkubwa wa wafanyakazi, je, anakula, je, anapata usingizi. Kisha, kama nafasi itabaki, aulize na mimi sijambo. Mama, mimi ni mzaliwa wako wa kwanza, nimezoea. Nitakupa habari za Tatiana, nawe unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu habari zangu zimechanganyika na zake na siwezi tena kuzitenganisha.

Ni kweli, amechaguliwa. Chama chetu cha wafanyakazi, sendika, kilifanya uchaguzi wakati wa kiangazi, na sisi madereva wa malori makubwa yanayopandisha mawe ya shaba kutoka shimoni tukamfanya yeye delege wetu, yaani ndiye anayetusemea mbele ya wakubwa wa kampuni. Nimesema tukamfanya. Kura yangu nilimpa, maana ningemnyima watu wangeniona usoni.

Lakini kumbuka ni nani aliyemleta Kolwezi. Ni mimi niliyemlaza sebuleni kwangu, nikambembeleza mkuu wa madereva ampokee, nikamfundisha kurudisha nyuma lori ambalo gurudumu lake linampita mtu kimo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alipofika, mwenyeji akaanza kuugua. Asubuhi kwenye basi la kazi wanaume wanampisha apande, mimi wananisukuma. Watu wazima wanamwita Mama Delege, yeye ambaye hajazaa hata mmoja. Na jina lenyewe mlimpa zuri, Tatiana, la kupigiwa makofi. Mimi mkanipa Mushiya la bibi na deni la kumheshimisha bibi. Hata Barnabé, akirudi jioni na kusikia kitu alichokisema mdogo wangu mkutanoni, hutikisa kichwa na kumsifu shemeji yake: “Mulamu yangu iko na akili sana.” Anasema hivyo akiwa anakula chakula nilichokipika mimi.

Usidhani nina roho mbaya tu. Mema ya sendika nitayasema, maana nayatumia. Zamani kule shimoni hapakuwa na choo cha wanawake. Sisi madereva wanawake tulikuwa hatunywi maji tangu alfajiri hadi zamu iishe, na wengine walipata ugonjwa wa mkojo usiopona. Wakubwa waliambiwa mara nyingi kwa upole. Tatiana aliingia kikaoni, akaeleza jambo hilo lote kwa sauti, bila kuficha neno, mpaka wale mabwana wakawa wanatazama sakafu. Choo kikajengwa, kina mlango na komeo. Ninakitumia kila siku, na kila nikifunga komeo namkumbuka aliyekileta. Hata chooni, Mama, haniachi nipumzike.

Tena mke wa Nkongolo, dereva mwenzetu, alipofariki, sendika ilileta jeneza matangani na gari la kumpeleka makaburini, wakati kampuni ilileta pole peke yake. Kidole kimoja hakiui chawa, hilo nimeliona kwa macho yangu. Lakini mchango wao unakatwa kwenye mshahara kabla mshahara haujaniona, na mikutano inakula Jumapili zetu, na wako wanaume pale ambao tangu wapate kiti hawajashika usukani.

Na liko jambo lililoniumiza zaidi. Unajua kontra yangu, yaani mkataba wa kazi, ni ya muda mfupi, ikiisha wanaiongeza kidogo, na kila inapokaribia kwisha nahesabu akiba upya, maana ada za watoto zinatoka humo. Sendika ilipambana mpaka kampuni ikakubali kuwapa baadhi ya madereva kontra ya kudumu, na kamati ikakaa kupendekeza nani apewe. Kwenye sendika kuna desturi: likitajwa jina la ndugu yako, unatoka nje, ili isisemwe kwamba umempendelea. Jina langu lilipotajwa, Tatiana akasimama, akatoka. Humo ndani hakubaki mtu wa kunisemea. Nafasi akapewa kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kutumia breki. Jioni mdogo wangu alikuja kunieleza kwamba sheria ni sheria, na akala kwangu vizuri tu. Mtu asiye na ndugu kwenye kamati alitetewa na delege wangu. Mimi mwenye ndugu nilikosa delege.

Ndipo likaja lile la mgomo. Breki za lori la Nkongolo zilikatika kwenye mteremko, akavunjika mguu. Kampuni ikasema ni uzembe wake na haitamlipia hospitali. Sendika ikatangaza mgomo kama sheria inavyotaka, na sheria inataka taarifa itolewe kwanza, kisha watu wangoje siku za taarifa ziishe. Tukaambiwa tungoje. Lakini siku hizo hazijaisha, neno likatoka nyumbani kwangu jioni moja, wanawake wa kazini walipokuwa wamekuja kututembelea, likapita kwenye simu usiku kucha: kesho usiwashe. Asubuhi hakuna dereva aliyegusa ufunguo. Shimo lote lilikuwa kimya, ungesikia ndege.

Walikubali, Mama. Nkongolo alipelekwa hospitali nzuri na malori yote yakakaguliwa breki. Siku za mgomo hazikulipwa, tukala ugali wetu wa bukari na matembele mpaka watoto wakauliza kama samaki wamekufa wote ziwani. Lakini nani aliyejali? Tatiana alibebwa mabegani kutoka barabara kuu mpaka sokoni. Kila mtu alisema ni neno la delege, neno la mwanamke shujaa. Wakalitungia wimbo, kesho usiwashe, na mwanangu mwenyewe akauimba akiosha sahani. Nilimwambia anyamaze, kichwa kinaniuma. Hakikuwa kinaniuma.

Kampuni haikusahau. Ilisema mgomo ulianza kabla ya wakati, na aliyewachochea watu atafukuzwa. Delege hafukuzwi ovyo, sheria inamlinda, lakini kwa kosa kubwa kama hilo mkaguzi wa kazi anaweza kutoa ruhusa. Bwana Kankolongo, mkubwa wa ofisi ya wafanyakazi, akaniita. Ofisi ya baridi, kiti laini, soda mkononi. Akasema wote wanajua neno lilitokea kwangu, na kwamba kinachotakiwa ni mimi kumweleza mkaguzi kuwa mdogo wangu ndiye aliyelisema. Kontra ya kudumu ilikuwa tayari, imebaki kutiwa muhuri. Kisha akasema amenichunguza siku nyingi na anaona mimi ndiye mwenye akili katika familia yetu. Mama, hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilirudi nyumbani nimelibeba neno lile kama yai. Usiku nikasema moyoni, ndiyo, nitakwenda, nitasema.

Siku ya mkaguzi tulikaa meza moja ndefu, kampuni upande wao na sendika upande wetu, nami shahidi kwenye kiti cha pembeni. Mkaguzi, mtu mpole mwenye miwani, akamwuliza Tatiana kama neno lile ni lake. Tatiana hakujibu. Akamwuliza tena. Mdogo wangu alitazama mikono yake, kimya. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Na mimi nilipouona ukimya ule nikapandwa na hasira ambayo sikuwahi kuijua.

Kwa sababu neno lile, Mama, halikuwa lake. Nakuambia wewe sasa kama ilivyokuwa. Jioni ile nilikuwa jikoni nasonga bukari na wanawake wamekaa mlangoni. Tatiana ndiye aliyekuwa anatutuliza, tungoje, taarifa haijaisha, tusiwape wakubwa sababu. Mimi ndiye niliyegonga sufuria kwa mwiko nikasema: “Tungoje nini? Mutu amevunjika mguu. Kesho usiwashe, na we usiwashe, na we.” Wakacheka, wakashika simu, wakatuma kwamba linatoka alipo delege, ili watu walishike. Tatiana aliwasihi waache, hakuna aliyemsikia. Kulipokucha neno langu lilikuwa mdomoni mwa mji mzima, likiwa na jina lake. Nikangoja aseme, hili ni la yaya wangu, la dada yangu mkubwa. Siku zikapita. Akabebwa mabegani kwa neno langu, wakamwimbia kwa neno langu, naye hakufungua kinywa.

Basi mkaguzi aliponigeukia, na Bwana Kankolongo akaniashiria kwa kichwa kwamba ni zamu yangu, sikukumbuka kontra, sikukumbuka ada. Nilisimama nikasema neno lile ni langu. Limetoka jikoni kwangu, kinywani mwangu, na huyu alikuwa analipinga. Nikalirudia polepole ili karani aliandike vizuri.

Nimefukuzwa kazi, Mama. Ndiyo habari yangu niliyokuwa naizunguka tangu mwanzo wa barua. Mtu wa kontra fupi hana sheria ndefu ya kumlinda. Jioni ile ile nilirudisha kofia na viatu. Tatiana amebaki delege, hakuna kosa lililoonekana kwake. Na sasa Musonoi yote inanipisha njiani. Wanasema, tazameni upendo wa yaya, amejitoa kwa ajili ya mdogo wake. Wanawake wananiletea unga, na padre leo amenitaja kwenye mahubiri. Naupokea unga nanyamaza. Lakini wewe uliyenizaa siwezi kukudanganya: haukuwa upendo. Ulikuwa wivu. Nilikwenda kuchukua kitu changu kilichokuwa kinavaliwa na mwingine, nikasahau bei yake.

Liko jambo moja limebaki, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Tulipotoka nje, Tatiana alinishika mkono akaniuliza kwa nini nimesema. Nikamjibu kwa ukali, na wewe kwa nini hukusema, miezi yote hii unaimbiwa? Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. Akasema: “Yaya, mi niko na sheria nyuma yangu. We hauna. Kama ningesema ni we, bangekufukuza siku ile ile. Njo maana nilinyamaza.”

Alikuwa ananificha, Mama. Wimbo ulimkera, mabega ya watu yalimtia hofu, na mbele ya mkaguzi alikuwa tayari kupoteza kazi na kiti chake, mdomo umefungwa, ili mimi nibaki kwenye lori langu. Nilimkumbatia, ungeniona ungefurahi. Lakini nikiwa nimemshika hivyo, moyo wangu ulikuwa unasema jambo jingine, nami naona haya kuliandika: hata hapa amenipita. Mimi nilitoa kazi yangu kwa wivu, yeye alikuwa anatoa yake kwa kunipenda, na hakutaka hata nijue.

Sendika imeshika kesi yangu ili nirudishwe. Mama Odile wa kamati ndiye anayenisemea, na anasema tuwe na subira. Sasa ninangoja sendika kama wengine wote, na kila jioni Tatiana anakuja na chakula, anakiweka mezani, anawasaidia watoto masomo, anaondoka bila kungoja asante. Bado namwonea wivu. Nilitaka ujue kwamba haujaisha, lakini umebadilika sura, na huu wa sasa unauma zaidi.

Wasalimie wote wa kanisani na jirani mwenye nguruwe, hata yeye. Usinitumie unga, unga ninao wa kuuza. Magoti uyapake yale mafuta na usibebe kuni mwenyewe. Watoto wanakubusu, Barnabé anakupa mkono, na Tatiana, aliyepita sasa hivi mlangoni akaniona naandika, anakutumia salamu na anauliza kama nimekueleza wewe kwamba mimi ni shujaa. Nimemwambia ndiyo.

Mimi mwanao,
Mushiya