Upande Wako Ulionyimwa Maji

Mama yangu mpenzi,

Leo ni Ijumaa, na jirani wa chini amefukiza udi. Harufu imepanda ngazi mpaka chumbani kwangu hapa Hurlingham, nami nimekaa na kanga yako mapajani. Sijui nakuandikia ili iweje.

Unamkumbuka yule sista wa kutoka Kiambu? Uhuru ulikuwa bado mchanga na masista wengi pale hospitali bado Wazungu, ukafurahi kumpata wa kuongea naye. Alikuchora kwa wino wa zambarau kifuani upande wa kushoto, pale walipokuwa wameliondoa titi lenye saratani, ili mionzi ipigwe hapo. "Mama, hapa usioshe. Hakuna sabuni, hakuna mafuta, hakuna marashi. Ngozi ikifunguka tunasimamisha matibabu, sawa?" Mimi ndiye niliyejibu sawa. Wewe ulikuwa unatazama ukuta.

Wewe, ambaye hukuwahi kufungua duka letu mjini siku ya Ijumaa kabla hujaoga ukajifukiza!

Nikaficha sidiria zako. Nikakukatia kanga kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, nikakuwekea mto chini ya mkono ili kwapa lisisuguane. Ukawa unaoga nusu. "Upande mmoja wangu uko Lavington kwa matajiri," ukanitania, "wa pili umekatiwa maji." Nilicheka, halafu nikaenda kulia jikoni.

Shoga yako Bi Rehema alipoona ngozi imeanza kuwa nyeusi na kuwaka, alikuja na kibakuli cha liwa ya kupaka ili akupoze. Nilimzuia mlangoni.

"Mtoto gani weye, wamnyima mamako liwa?"

"Mwache, Rehema," ukasema. "Ataka nipone."

Hukusema wewe wataka kupona. Nililisikia hilo, nikajifanya sikulisikia.

Jioni uliniuliza, "Nanuka, mwanangu?" Nikajibu hunuki. Ulikuwa ukinuka, Mama, na ulijua.

Kinachonitia hasira ni kwamba tulifaulu. Ngozi haikufunguka hata mahali pamoja. Ulimaliza matibabu yote, sista akakusifu mbele ya wagonjwa wenzako, akasema ungoje wiki chache tu ndipo uoge mwili mzima. Kumbe saratani ilikuwa imeshahamia mapafuni, haina habari na ngozi yetu. Hukuzifikia hizo wiki. Watu huniambia Mungu ana makusudi yake. Naitikia, lakini moyoni sina kitu.

Siku ya kukuosha, Bi Rehema alinipa kata ya maji. Nilipofika upande wa kushoto mkono ulikataa. Wino wa sista ulikuwa bado unaonekana kidogo. Nikamtazama Bi Rehema kama mtu anayengoja ruhusa.

"Mwagia, mwanangu. Hapana wa kukukataza tena."

Nikamwagia. Nikapaosha kwa sabuni, taratibu, mpaka wino ukatoka wote. Ngozi ilikuwa nzima, Mama, bila hata kidonda. Kisha tukakutia karafuu maiti na marashi yako.

Lala. Hunuki.

Mwanao,
kitindamimba wako