Foronya ya Halvor

Chikago, 27 Mei 1974

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila mkweo Darlene bado anawaota wale ruba wa chambo uliowaweka kwenye friji karibu na jemu. Natumaini goti lako linaendelea vizuri.

Mama, sitazunguka. Binamu Aili ameniandikia. Anasema Jumapili ulikuwa ziwani peke yako, upepo umechafuka, huna jaketi la kujiokolea, naye aliposimama gatini kukupungia urudi, na wewe ukampungia, kisha ukaendelea kuvua. Tangu Baba afariki mimi silali vizuri. Una miaka sabini na sita. Basi nisikilize: ukitaka kuvua, vua, lakini awepo mtu mwingine ndani ya boti. Nikisikia tena umetoka peke yako, mwezi wa tisa nakuja na gari kukuchukua uishi nasi. Chumba cha nyuma tumeshakipaka rangi. Dirisha lake linatazama gereji, lakini Darlene ameweka pazia zuri.

Ni mimi mwanao,
Reino

Ziwa Hautala, 4 Juni 1974

Mwanangu Reino,

Marahaba. Goti ni lile lile, linanitabiria mvua kabla ya redio. Mwambie Darlene ruba hawali jemu.

Aili ana macho makali na kazi chache. Nimeisoma barua yako mara mbili na kahawa ikanipoa mkononi. Yaani mimi niamke asubuhi, badala ya maji nione matairi. Hapana, baba. Hiyo hapana.

Haya, mtu mwingine ndani ya boti. Nani sasa? Unaujua mwamba wa baba yako, au tuseme unajua kwamba upo. Aliutafuta miaka kwa kamba na jiwe, akipima kina kama fundi nguo. Jioni jua likishuka, wolai, hao samaki wetu wa macho ya kioo, wanapanda pale kula kama wamealikwa harusi. Hakumwonyesha mtu isipokuwa mimi. Hata wewe hakukuonyesha, maana shuleni ulikuwa unaongea sana. Mchungaji alimwomba kwa upole, baba yako akamwelekeza kwenye matete, ambako hakuna hata chura. Mchungaji wa watu akavua matete majira yote ya joto. Huku kwetu huo si uongo, ni adabu, na mchungaji mwenyewe anaijua, kwa sababu na yeye ana mahali pake.

Aliyebaki mwenye nafasi na mgongo mzima ni jirani Halvor Brekke, yule Mnorwei. Huyo kila nikisukuma boti majini anasimama dirishani kwake na darubini, hatoki mpaka nirudi. Baba yako alikuwa akisema Halvor angeuza ng'ombe ili aujue mwamba ule. Lakini nimeshapata dawa yake. Usijali.

Mama yako

Ziwa Hautala, 19 Juni 1974

Mwanangu Reino,

Hamjambo huko? Sisi wazima, mbu ndio wazima zaidi.

Nimetii. Halvor anakuja nami kila jioni. Jaketi navaa, nafanana na boga. Ni mtu mtulivu sana botini, hatazami huku wala huku. Juzi tulikaanga minofu palepale ufukweni, na viazi na vitunguu, akala kimya kama yuko kanisani. Kwa hiyo lile pazia mtundikie mtu mwingine.

Mama yako

Chikago, 1 Julai 1974

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana baada ya leo mimi sina uhakika kama ni mzima.

Nimepigiwa simu kazini na Duane Pelto, askari wa samaki wa huko kwenu. Akaniuliza kama mama yangu ana ugomvi na mtu. Anasema alikuona kwa darubini ukiendesha boti, na mbele ameketi mzee aliyefunikwa foronya kichwa mpaka mabegani. Alidhani umeteka mtu. Akakimbiza boti yake, akamuuliza yule mzee kama yuko salama. Sauti ikatoka ndani ya foronya: "Niko salama, kijana, ila punguza injini, unafukuza samaki."

Foronya, Mama. Bosi wangu alikuwa amesimama pembeni, ikabidi nimweleze.

Mwanao anayeona haya,
Reino

Ziwa Hautala, 6 Julai 1974

Mwanangu Reino,

Marahaba, na pole na bosi. Mimi mzima.

Kwanza, foronya ni safi, ile ya maua, na nimeitoboa tundu la kupitishia kahawa. Pili, ulisema awepo mtu mwingine ndani ya boti. Hukusema awe anaona.

Tena haimzuii kuvua. Wolai hagongi chambo, anakionja taratibu, na anayesikia ni mkono. Macho hayana kazi. Halvor kanishinda jioni mbili, na nilikosa usingizi kwa hasira. Yule Duane alipekua kitabu chake cha sheria chote, hakuona panapokataza foronya. Ndipo akauliza, kama hana haja vile, samaki hawa tumewapata wapi. Nikamwambia kwenye matete. Akaitikia kwa heshima na hakuamini, kwa hiyo mama yake kamlea vizuri.

Mama yako

Chikago, 5 Agosti 1974

Mama mpenzi,

Shikamoo. U hali gani? Mwezi mzima hujaniandikia.

Aili anasema boti yako imelala kifudifudi ufukweni, na wewe na Mzee Halvor hamsalimiani hata kanisani. Anasema unakaa kibarazani unatazama maji, na kahawa anakukuta nayo imepoa. Mwezi wa tano nilikuwa silali kwa sababu unakwenda ziwani. Sasa silali kwa sababu huendi. Kama unaumwa, niambie. Kama huyo mzee kakukosea, niambie pia. Na kama umechoka kuishi huko peke yako, nitakuja na gari, lakini nataka nisikie kwako wewe, si kwa Aili.

Nakupenda, na nina wasiwasi.
Mwanao Reino

Ziwa Hautala, 14 Agosti 1974

Mwanangu Reino,

Marahaba, mwanangu. Siumwi. Nilikuwa nimenuna, na kununa vizuri kunachukua muda.

Jioni moja mwezi uliopita tulikuwa mwambani, ukungu ukashuka. Mimi nyumbani narudi kwa kuulenga msonobari uliopasuka, na sasa sikuuona msonobari wala pua yangu. Nikazunguka na boti mpaka nikapotea kabisa. Niliogopa, Reino, nakwambia kweli. Halvor akaniambia kutoka ndani ya foronya: "Rudi nyuma kidogo, Saima, nimehesabu mizunguko yako. Mwamba wa Urho uko kushoto kwako. Uache upande huo huo, nenda polepole, utasikia mawimbi yanagonga gati lako." Nikafuata. Tukafika.

Nikamuuliza ameujulia wapi. Kumbe baba yako alimpeleka mwenyewe, vuli ile ya mwisho, mikono yake ilipokuwa haiwezi tena kuvuta nanga. Alimwomba mambo mawili: asivue pale, aniachie mimi, na nikienda ziwani awe ananitazama mpaka nirudi. Ndiyo ile darubini. Miaka mitatu anaujua mwamba na hajatia ndoana hata siku moja, mpaka nilipompeleka mimi.

Nikamuuliza, sasa foronya umeivalia nini wakati wote huu? Akasema, "Si uliniomba. Tena inazuia mbu."

Nilimkasirikia baba yako, kumwambia Mnorwei na kunificha mimi. Lakini marehemu hajibu, basi nikamnunia Halvor. Halafu usiku nikawa nawaza jinsi Urho alivyokwenda kumwomba mtu ambaye yeye mwenyewe alimficha siri ile miaka thelathini, kwa ajili yangu. Nililia, nikaona aibu, nikaoka mkate mtamu. Jumamosi nikatoka kumpelekea. Nilimkuta kwenye gati langu, amegeuza boti, ameketi mbele, foronya kichwani, ananingoja. Nikamwambia aitoe foronya. Akasema ameizoea. Nikaitoa mwenyewe, nikamwambia Urho alikuonyesha, basi angalia jua likishuka.

Njooni mwisho wa mwezi, wewe na Darlene. Gari lije na nafasi ya samaki tu, mimi sipandi. Jioni tutatoka wote. Halvor atakaa mbele, wewe katikati. Foronya yako nimeshaifua, ile ya bluu uliyokuwa ukilalia utotoni.

Mama yako