Siri Aliyopewa Bibi

3 Machi

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na cherehani haijakugomea tena. Mama bado yuko zamu ya jioni, anapiga pasi mashuka ya hospitali. Anarudi amechoka, hana hamu hata ya kula.

Bibi, nina jambo. Mama akiwa kazini, baba wa kambo ananifungia chumbani na kunipiga kwa waya. Kisa chumvi imezidi, au sikuitika haraka. Ni tangu mwaka jana. Amesema nikithubutu kusema, ndoa ya Mama itavunjika na lawama itakuwa yangu.

Tafadhali usimwambie mtu.

Mjukuu wako


12 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mgongo upo, unalalamika kuliko mwenyewe. Barua yako nimeisoma mara sita. Nakuamini neno kwa neno, na hujakosa lolote.

Unanijua lakini. Mimba ya shangazi yako niliitangaza kabla mumewe hajaambiwa. Siri hii yako ina siku tano na sijaitoa! Umeniamini, sitaki kukuangusha. Juzi mama yako alinipigia simu, nikajiuma ulimi, nikazungumzia mvua. Tulipoagana nililia. Leo nimeshona mfuko wa shati la mteja mgongoni. Sili, silali. Niambie nifanye nini, mwanangu.

Bibi yako


17 Machi

Shikamoo Bibi. Habari za afya nitauliza siku nyingine, naandika mbiombio.

Bibi jamani! Maisha yako yote umeshindwa kunyamaza, leo ndiyo umeweza, na kwangu mimi?

Niliwafikiria wote. Mwalimu wa darasa ni rafiki wa baba wa kambo. Shangazi angeniambia nivumilie. Nikakuchagua wewe kwa sababu ya huo mdomo wako. Niliandika usimwambie mtu nikijua utasema tu, ili nisiwe mimi niliyevunja ndoa ya Mama. Kila jioni nilikuwa nasikiliza mlango, nikidhani umeshampigia.

Sema, Bibi. Safari hii nakuomba. Nimechoka.

Mjukuu wako


5 Aprili

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Ulifika salama? Miguu imeacha kuvimba?

Barua yangu hukuijibu, ulikuja mwenyewe. Wenzake Mama kazini bado wanasimulia jinsi ulivyoingia na mkoba kichwani, ukaanza kusema kabla hata ya kusalimia, Mama akaacha pasi inaunguza shuka. Yule bwana bado yuko mahabusu. Nalala vizuri, Bibi. Nimeanza hata kuchelewa kuamka.

Nilidhani Mama atanichukia. Jumamosi aliniuliza kwa nini sikumwambia yeye. Nikasema niliogopa atampoteza mumewe. Akasema, “Mume nilimpata ukubwani. Wewe nilikuzaa.” Tukalia sote wawili, kisha tukacheka kwa sababu chai ilikuwa imechemka mpaka ikakauka.

Asante, Bibi. Asante kwa kuniamini kabla ya kuniuliza chochote. Asante hata kwa zile siku ulizonyamaza, maana najua zilikuuma.

Jana alikuja dada wa ustawi wa jamii kuchukua maelezo. Mama akataka kunisemea, kwa kunihurumia. Nikamshika mkono nikamwomba aniachie. Nikasema mwenyewe, mwanzo hadi mwisho.

Mjukuu wako