Kompyuta ya Mwalimu Mkuu Bado Inaitwa Magadi

Kaka Barasa,

Nimekulipizia kisasi. Wewe ungecheka, maana uliniambia siku moja kwamba mimi naweza kuogopa hata kivuli cha kalamu yangu. Lakini nimefanya, na nataka usikie kutoka kwangu.

Tangu tukuzike kwenu Webuye, shule ni ile ile. Meza yako wamempa mwalimu wa michezo, ameijaza mipira. Kikombe chako nimekificha kabatini kwangu. Mama Kanini wa chapati bado huniuliza, "Leo umekuja peke yako?" halafu anakumbuka na kushika mdomo.

Kuna jambo hujui. Jioni ile ya maombi nyumbani kwako Kitengela, kabla hatujasafirisha mwili, Mwalimu Mkuu alipewa kipaza sauti kwa sababu ulikuwa umefanya kazi kwake. Mkeo alikuwa ameketi mbele, mtoto mapajani. Mkuu akasema ulikuwa mtu mpole, kisha akaongeza, "Shida ilikuwa tu zile kompyuta zake. Hata huko mbinguni, nawahurumia malaika." Watu wakacheka. Walimu wenzetu, Kaka. Wakacheka. Mkeo akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya vikombe vya chai, na hapo hapo nikaapa.

Unakumbuka alivyokufuta kazi. Ilikuwa mitihani ya mwisho wa muhula na printa ikagoma. Sitadanganya kwa sababu umekufa: iligoma kweli, na mfumo wako wa Linux, ule wa bure uliouweka badala ya Windows, ndio uliokosana nayo. Ulikuwa umeomba printa nyingine, wakakunyima. Akakusimamisha uwanjani mbele ya wanafunzi. "Umetuletea mitambo ya wanasayansi! Mtu wa kawaida atumie Windows kama binadamu wengine!" Alisahau jinsi zile kompyuta kuukuu za msaada zilivyokuwa kabla yako, na ile Windows ya kunakiliwa mtaani, na virusi kutoka kwa kila flashi ya kila mwalimu. Mtu aliwasha asubuhi, akaenda kunywa chai, akarudi na bado inajikuna. Wewe ndiye uliyezifufua. Ile ya Mkuu ilikuwa ikichemka kama jua la Ziwa Magadi, ukaipa jina hilo kwenye mfumo wake: Magadi. Shule nzima ikadaka utani huo. "Magadi imeamka?" walimu waliulizana kila asubuhi.

Tulibishana sana, mimi na wewe, kwa Mama Kanini. Mimi nilikuwa upande wa Mkuu. Nilisema watu wanataka walichozoea, na kwamba mtu akifungua barua akakuta majedwali yamehama, hajali kama mfumo ni wa bure. Hukukataa. Ulisema mwenye programu ya kazi ambayo haina toleo la Linux abaki alipo, asijitese. "Lakini anayeandika barua, Nekesa? Anayesoma habari? Huyo haendeshi mfumo. Anaendesha barua yake. Mbadilishie rangi tu, hatajua."

Baada ya mazishi Mkuu akaniita. "Toa hiyo takataka ya marehemu kwa mashine yangu. Niwekee kitu ya watu."

Nikasema, "Sawa, Mwalimu."

Sikuitoa. Nilishusha kitufe cha menyu kikae pembeni kule chini alikokizoea, nikapanga alama za faili vile anavyozipenda, nikamwekea picha ya kilima cha kijani na anga la bluu. Nikahakikisha barua zake zinahifadhiwa kwa namna ambayo kila ofisi inaweza kuzifungua. Nikairudia kazi yote mara ya pili, unanijua.

Asubuhi akawasha. Nilisimama mlangoni nikingoja kufukuzwa. Akabofya, akaandika, akageuka. "Unaona sasa? Hii ndiyo kompyuta!"

Kaka, muhula mzima ameisifu. Kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa dereva wa lori la maji. Kila aliposifu nilimeza mate kama mtu aliyenusa nyama choma. Nilimwacha asifu. Nilitaka apande juu kabisa kwanza.

Jana bodi ilikaa ofisini kwake kuamua kama kompyuta zako zilizobaki zitupwe. Mkuu akasimama. "Mimi ni shahidi. Tangu ile kitu ya Barasa itolewe kwa mashine yangu, hata mimi mzee naandika barua mwenyewe. Hizo zingine pia ziende."

Mama Resiato, yule mwenyekiti wa bodi anayetoka Bisil, akauliza tu ili iandikwe kwenye kumbukumbu: "Nani aliitoa?"

"Karani wetu huyu, Nekesa."

Wakanigeukia wote. Nikaweka chini kalamu ya kumbukumbu. Nikamwona mkeo akilini, kile kichwa kilichoinama.

"Sikuitoa," nikasema.

"Ati nini?"

"Ni ile ile, Mwalimu. Nilibadilisha rangi tu."

Akasema nimechanganyikiwa kwa majonzi. Nikazunguka meza yake, nikafungua ukurasa unaoeleza habari za mashine, nikageuza kioo kiwaelekee. Linux. Na juu yake, kwa herufi ndogo ulizoziandika wewe: magadi.

Mwalimu wa michezo, anayewakilisha walimu, ndiye aliyelipuka. "Magadi! Kumbe iko hai!" Wakacheka mpaka Mama Resiato akafuta macho kwa shuka yake ya begani. "Mwalimu," akasema, "sasa hiyo kitu ilikushinda wapi?" Mkuu akainamisha kichwa. Nilimtazama, Kaka, na sikumhurumia hata kidogo. Nilitamani wacheke zaidi.

Kompyuta zako zinabaki. Jina lako limeandikwa kwenye kumbukumbu kwamba kazi ile ni yako. Nilipompigia mkeo simu akacheka, na ndani ya kile kicheko akalia.

Wakati wa kutoka Mkuu alinipita karibu sana. "Jumatatu, wewe na mimi." Ninaogopa. Kodi ya nyumba inaningoja, na Mama nyumbani ananitegemea. Sijawa jasiri, nimekuwa na hasira tu, na sijui ikiisha nitabaki na nini.

Pumzika, Kaka. Kikombe chako nitampelekea mtoto. Na hili nakuahidi: sitaitoa, hata akiniamuru kwa maandishi. Akitaka kunifuta, barua ya kunifuta ataiandika kwenye Magadi. Itaandikika vizuri, bila kukwama, na itahifadhiwa.

Wako,
Nekesa